Makazi yawe haki ya kisheria: gharama ya kumwacha mtu nje tunailipa tayari

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mvumilie mpaka mwisho ndipo mnikosoe.

Kwa miaka 11 nilikuwa karani mahakamani. Sehemu kubwa ya mafaili yaliyopita mikononi mwangu yalihusu madeni ya kodi ya pango na amri za kuwatoa watu kwenye nyumba. Shauri la aina hiyo halichukui muda. Mwenye nyumba yupo, mara nyingi na wakili wake. Mpangaji mara nyingi hayupo: ameona aibu, au hakuelewa hati aliyoletewa, au ameogopa kupoteza kibarua cha siku hiyo. Hakimu anauliza kama hati ilimfikia, anapitia hesabu ya deni, anaandika amri. Faili linafungwa, linaitwa lingine.

Kilichonisumbua mpaka leo ni swali moja ambalo sikuwahi kuliona likiulizwa kwenye faili lolote: huyu mtu na watoto wake watalala wapi? Sheria ilikuwa na maswali kuhusu deni, mkataba na tarehe. Swali la pa kulala halikuwa na mwenyewe. Si hakimu, si mwenye nyumba, si halmashauri. Lilibaki nje ya mlango na yule aliyetolewa.

Hoja yangu yote iko hapo. Kuyafanya makazi kuwa haki ya kisheria ni kulipatia swali hilo mwenyewe. Pawe na ofisi inayolazimika kulijibu ndani ya muda uliowekwa, na isipojibu ishtakiwe. Wengi wakisikia "haki ya makazi" wanadhani serikali itagawa nyumba bure kwa kila anayenyoosha mkono. Hakuna katiba wala mkataba ninaoujua unaosema hivyo.

Na jambo lenyewe si geni. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 25, lilitaja makazi pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, ulioanza kutumika 1976, unazibana nchi zilizouridhia kwa kifungu chake cha 11. Mwaka 1991 kamati inayousimamia ilieleza maana ya makazi ya kutosha, na ilienda mbali zaidi ya paa na kuta. Mkaaji awe na uhakika kwamba hatatolewa kiholela. Pawe na maji na choo. Gharama isimfanye mtu achague kati ya kodi na chakula. Mwenye ulemavu aweze kuingia na kutoka. Na nyumba iwe mahali ambapo kazi, shule na hospitali vinafikika. Hilo la mwisho tutalirudia, maana ndipo serikali nyingi zilipojikwaa.

Zipo nchi zilizoliweka kwenye katiba: Ureno 1976, Uhispania 1978, Afrika Kusini 1996 (kifungu cha 26), Kenya 2010 (ibara ya 43). Uzito unatofautiana. Kwa Uhispania kifungu hicho ni mwongozo kwa serikali zaidi kuliko haki ambayo mtu anaweza kuidai moja kwa moja mahakamani. Afrika Kusini mahakama zimeitumia haki hiyo, tena dhidi ya serikali.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua ndiko wengi mnakosubiri.

Mtu akikosa nyumba, gharama yake haifutiki, inahama. Inakwenda wodi ya dharura, kwa sababu kidonda kisichoweza kusafishwa nyumbani kinarudi hospitali kikiwa kimeoza. Inakwenda polisi na mahabusu. Inakwenda kwenye mabweni ya dharura, ambayo kwa usiku mmoja mara nyingi ni ghali kuliko chumba cha kawaida. Inakwenda kwa mwalimu aliyepokea mtoto wa tatu mwaka huu anayehama katikati ya muhula. Kwa kuwa kila senti inatoka kwenye fungu tofauti, hakuna waziri anayeiona jumla yake.

Kanada walijaribu kuiona. Kati ya 2009 na 2013 walifanya utafiti mkubwa katika miji mitano, Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton, wakiwa na washiriki zaidi ya 2,000 waliokuwa hawana makazi na wana matatizo ya afya ya akili. Kwa kura, wengine walipewa nyumba na mtu wa kuwafuatilia, wengine wakaendelea na huduma zilizokuwepo. Kwa ile asilimia 10 ya washiriki waliokuwa wakitumia huduma za gharama kubwa zaidi, kila dola 10 zilizowekwa kwenye mpango ziliokoa dola 21.72 kwingineko. Sitaki kuwadanganya: kwa wengine akiba haikufikia matumizi yote, ilirudisha sehemu tu. Lakini hata hao walikaa kwenye nyumba, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Mfano unaonigusa kuliko wote ni wa Meksiko. Katika jimbo la Coahuila, kuanzia 2000, serikali ilitoa saruji kwa familia maskini ili wafunike sakafu za udongo. Basi. Hakuna dawa, hakuna semina ya usafi. Wachumi walipokuja kupima, waligundua kwamba palipofunikwa sakafu yote ya udongo, maambukizi ya minyoo na vimelea kwa watoto wadogo yalishuka kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, upungufu wa damu kwa asilimia 81, na watoto wakafanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya lugha na ufahamu. Mama zao walionekana kuwa na msongo mdogo zaidi. Mifuko ya saruji imefanya kazi ambayo zahanati inahangaika nayo miaka yote. Nikikumbuka hilo, siwezi kukubali mtu aniambie nyumba ni starehe ya kusubiri mpaka nchi itajirike.

Marekani nako, kati ya 1994 na 1998, familia zipatazo 4,600 zilizoishi kwenye nyumba za umma katika mitaa maskini kabisa ziliingizwa kwenye kura, na baadhi zikapewa hati za kusaidiwa kodi ili wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Miaka ya mwanzo matokeo yalionekana hafifu kwa upande wa kipato cha wazazi, watu wakasema mpango umeshindwa. Kisha watoto wakakua. Waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walipofika umri wa miaka ishirini na kitu walikuwa wakipata kipato cha asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao kura haikuwaangukia. Walioajiriwa wanalipa kodi, na pesa inarudi hazina ikiwa imechelewa miaka ishirini. Hakuna bajeti ya mwaka mmoja inayoweza kuonyesha faida ya namna hiyo, ndiyo maana nataka sheria iilinde.

Kwa nini soko lisitatue lenyewe? Nitasema kwa ufupi. Ardhi haizaliani. Mjenzi anajenga kwa ajili ya mwenye uwezo wa kulipa, na simlaumu. Halafu kulala hakuahirishwi: anayetaka gari akiona bei mbaya anasubiri mwaka ujao, lakini mama mwenye watoto wawili hawezi kusubiri barabarani mpaka kodi ishuke. Katika soko ambalo upande mmoja hauwezi kusema "hapana", bei huamuliwa na upande wa pili.

Karibuni tujadili.

Mdau wa Uchumi

Mkuu, umeandika vizuri, ila kuna mahali umepapita haraka. Haki haifyatui matofali. Ukitunga sheria leo na nyumba hazipo, ulichounda ni foleni yenye muhuri wa mahakama.

Chukua Singapuri. Katiba yao haina haki ya makazi. Walichofanya ni kuanzisha mamlaka ya nyumba 1960, wakapitisha sheria ya kutwaa ardhi 1966, wakajenga bila kupumzika. Leo takribani watu 8 kati ya 10 wanaishi kwenye fleti zilizojengwa na mamlaka hiyo. Afrika Kusini wana kifungu kizuri kabisa na bado vibanda vipo. Sasa nani kafanikiwa, mwenye kifungu au mwenye winchi za ujenzi?

Pia naogopa hizi haki huishia kwenye kuzuia kodi za pango zisipande. San Francisco walipanua udhibiti wa kodi 1994. Watafiti waliofuatilia walikuta waliokuwa wapangaji walinufaika, waliendelea kukaa, lakini wenye nyumba waliobanwa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wakauza au kujenga upya, na kodi ya mji mzima ikapanda kwa takribani asilimia 5. Yaani aliyekuwa ndani alilindwa kwa gharama ya aliyekuwa nje.

Mleta uzi

Mdau, kuhusu San Francisco sina ubishi nawe, na nakushukuru kwa kuliweka wazi. Udhibiti wa kodi na haki ya makazi ni vitu viwili. Unaweza kuwa na kimoja bila kingine. Tena haki ya makazi ikieleweka vizuri inamtetea zaidi huyo aliye nje, kwa sababu yeye ndiye asiye na mkataba wowote wa kushika mkononi.

Kuhusu Singapuri pia umesema kweli. Na nikuongezee mfano unaokuunga mkono. Uskoti ina sheria kali sana ya watu wasio na makazi. Tangu mwisho wa 2012, kila mtu aliyekosa makazi pasipo kujitakia ana haki ya kupatiwa makazi ya kudumu, si wazee au wenye watoto peke yao. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, kuanzia 1980, wapangaji wa nyumba za umma waliruhusiwa kuzinunua kwa punguzo, na karibu nusu milioni zikauzwa kabla mpango huo haujafungwa 2016. Haki imepanuka, ghala la nyumba za umma limepungua. Watu wakajaa kwenye makazi ya muda, na Mei 2024 serikali ya Uskoti ikatangaza dharura ya kitaifa ya makazi.

Ila tazama jambo moja. Kwa nini tunajua kwamba Uskoti kuna dharura? Kwa sababu sheria inalazimisha kila halmashauri ipokee maombi, iyaandike na iyajibu. Aliyekosa nyumba anaacha alama kwenye kumbukumbu za serikali. Pasipo na haki hiyo, mtu analala kwenye kochi la shemeji yake miaka minne na hakuna takwimu inayomgusa. Sheria imeufanya upungufu uonekane na umewakalia kooni waliouruhusu.

Na Singapuri walijenga kwa sababu serikali iliamua. Mimi swali langu ni pale serikali isipoamua, au ikiamua leo na nyingine ikaja kuacha. Nani anaikumbusha?

Mpita Njia

Mimi nitakuwa mkweli. Nimelala kwenye chumba kimoja na ndugu zangu watano, nikafanya kazi, leo nina pangu. Hakuna aliyenipa haki. Mkianza kusema nyumba ni haki mtaua moyo wa watu kujituma. Mlevi na mvivu nao wapewe?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hongera, na nasema hivyo kwa dhati. Lakini tazama ulichosema mwenyewe: ulikuwa na chumba. Kilikuwa kimebana, ila ulijua jioni utarudi wapi, nguo zako ziko wapi, na mtu akikutafuta kwa kazi akuulizie wapi. Ulianzia hapo. Mimi nawazungumzia ambao hawajafika hata hapo pa kuanzia.

Kuhusu mlevi. Ufini walikuwa na fikra kama yako kwa miaka mingi, wakaiita ngazi: kwanza acha pombe, kisha bweni, kisha chumba cha majaribio, mwisho nyumba. Wengi walianguka katikati ya ngazi. Kuanzia 2008 waligeuza utaratibu, wanauita Nyumba Kwanza. Mtu anapewa fleti yenye mkataba kwa jina lake, analipa kodi (akisaidiwa na posho ya serikali kama hana kipato), na huduma za ulevi au akili anapewa akiwa tayari ana mlango wa kufunga. Mabweni ya dharura yakageuzwa kuwa fleti. Mwaka 1987 walihesabu zaidi ya watu 18,000 wasio na makazi. Kufikia 2022 walikuwa chini ya 4,000. Mwaka 2024 idadi ilipanda tena kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na hiyo inanionyesha kwamba kazi hii haina siku ya kusema imeisha.

Kuacha pombe ni kazi ngumu hata kwa mwenye kitanda. Anayeshinda barabarani akilinda viatu vyake visiibwe atapata wapi nguvu hizo?

Nesi wa Zamu

Nimekuwa nikisoma kimya. Nataka kuongeza la kwetu sisi wa wodini. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa za miezi kadhaa. Namwandikia apumzike, ale vizuri, akae penye hewa, asibanane na watoto. Ananiangalia. Wote wawili tunajua hana pa kufanyia hayo. Nakaa naye dakika tano zaidi, halafu natia sahihi anaruhusiwa.

Sina hoja ya sheria. Nimeona niseme tu.

Fundi Mwashi

Mleta uzi amesema atarudi kwenye suala la mahali, naona anajibu watu, basi acha nilianze mimi, maana nimejenga miradi ya namna hiyo.

Serikali ikitaka kujenga nyumba nyingi kwa haraka inatafuta ardhi rahisi. Ardhi rahisi iko mbali. Unajenga nyumba mia, zimepangwa vizuri, maji yapo, umeme upo. Miezi sita baadaye unapita unakuta nusu zimepangishwa kwa wengine na wenyewe wamerudi kwenye vibanda karibu na mji. Watu wanasema maskini hawana shukrani. Mimi niliongea nao. Nauli ilikuwa inameza kipato. Nyumba nzuri mahali pasipo na kazi ni stoo ya kuwekea watu.

Na ukubwa wa jambo: gharama ya kuta na paa inajulikana, naweza kukupigia hesabu leo. Kinachoua mradi ni ardhi. Ukitaka nyumba za bei nafuu zikae karibu na kazi, lazima mtu aamue kwamba ardhi ya karibu na kazi haitauzwa yote kwa anayetoa dau kubwa.

Mleta uzi

Fundi, hapo umegusa penyewe. Afrika Kusini wamejenga nyumba zaidi ya milioni tatu za ruzuku tangu 1994, ni kazi kubwa ambayo nchi chache zimeifanya, na lawama kuu dhidi ya mpango ule ni hiyo hiyo yako: nyingi ziliwekwa pembezoni, kule kule ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa umewasukuma watu weusi.

India waliliona hili mahakamani mwaka 1985. Watu waliolala kando ya barabara Bombay walikuwa wanatakiwa kuondolewa. Mahakama ya Juu ya nchi ikakubali kwamba haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya kujipatia riziki, na kwamba watu hawa walilala pale kwa sababu kazi zao zilikuwa jirani. Ukimwondoa mtu pale umemwondoa na kwenye mkate wake. Hukumu haikuwaokoa wasiondolewe, ilisisitiza wapewe notisi na kusikilizwa. Lakini ule uhusiano kati ya pa kulala na pa kufanyia kazi uliandikwa kwenye hukumu, na majaji wa nchi nyingine wameusoma.

Kuhusu ardhi na pesa, mji ninaoutaja kila mara ni Vienna. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu walikuwa wamebanana vibaya, wengine wakipangishana kitanda kwa zamu. Mwaka 1923 jiji likaanzisha ushuru wa nyumba uliopanda kadiri nyumba ilivyokuwa ya kifahari: mwenye vyumba vichache alilipa kidogo sana, mwenye jumba akabeba mzigo mkubwa. Kwa fedha hizo na nyingine walijenga makumi ya maelfu ya fleti kabla ya 1934. Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na lilikuwa na fleti 1,382, pamoja na mabafu, sehemu za kufulia, shule za chekechea na maktaba. Watu wanaishi humo mpaka leo. Karibu nusu ya wakazi wa Vienna wako kwenye nyumba za jiji au za vyama visivyolenga faida kubwa, wakiwemo walimu na wahandisi. Nyumba ya umma haikugeuka kuwa alama ya umaskini, kwa hiyo haikukosa watetezi kila ulipofika uchaguzi.

Mwenye Shaka

Nimesubiri mtu amtaje Irene Grootboom. Alishinda kesi Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2000, kesi inafundishwa vyuoni dunia nzima. Akafariki 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Mleta uzi, hiyo ndiyo haki unayotuuzia?

Mleta uzi

Swali hili ndilo gumu kuliko yote na sitalikwepa.

Kwa wasioijua kesi: watu wazima 390 na watoto 510 walihama eneo la Wallacedene karibu na Cape Town, lililojaa maji na lisilo na huduma, baadhi yao wakiwa wamesubiri nyumba za serikali kwa miaka. Wakaenda kwenye ardhi ya mtu binafsi. Mei 1999, mvua za baridi zikianza, wakaondolewa, vibanda vikabomolewa na kuchomwa na vitu vyao kuharibiwa. Wakaishia kwenye uwanja wa michezo chini ya maturubai. Mahakama ilisema mpango wa serikali haukuwa wa busara kwa sababu haukuwa na chochote kwa watu walio kwenye shida ya haraka kabisa. Haikumwamuru mtu ampe Bi. Grootboom nyumba. Na utekelezaji wa hata hicho kilichoamriwa ulikuwa wa kusuasua.

Alikufa kwenye kibanda. Hilo linaniuma na halifutwi na lolote nitakaloandika hapa. Lakini baada ya kesi yake, mwaka 2004, serikali ikatunga mpango wa makazi ya dharura ambao haukuwepo. Na kesi zilizofuata zikasimama juu ya ile yake. Mahakama za nchi hiyo sasa zinapaswa kuuliza, kabla ya kuamuru watu watolewe, kama kuna watakaobaki bila paa. Yaani lile swali ambalo sikuliona kwenye mafaili yangu kwa miaka 11, kwao limo kwenye faili, na limeingia kwa sababu ya mwanamke huyo.

Somo ninalolitoa ni kwamba haki iliyoandikwa bila muda na bila adhabu ni dhaifu. Ufaransa walijaribu kuziba pengo hilo. Majira ya baridi ya 2006 wanaharakati walipanga mahema kando ya mfereji wa Saint-Martin, Paris, wakalala humo pamoja na wasio na makazi. Machi 2007 Bunge likapitisha sheria inayoruhusu mtu kuishtaki serikali. Unapeleka ombi kwenye tume; tume ikikubali kwamba hali yako ni ya dharura, serikali ina miezi mitatu, au sita kwenye maeneo yenye uhaba mkubwa kama Paris, kukupatia makazi. Ikishindwa, mahakama inaipiga faini. Mlundikano upo, Paris hasa, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imewahi kuihukumu Ufaransa mwaka 2015 kwa kutotekeleza amri ya namna hiyo, ikikataa kisingizio cha ukosefu wa fedha. Mfumo wao una kasoro, lakini deni lina jina la mdaiwa.

Mama Mwenye Nyumba

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi nina nyumba moja ya kupangisha, niliijenga kwa kiinua mgongo cha marehemu mume wangu, na ndiyo pensheni yangu. Mpangaji wangu hajalipa mwezi wa tano sasa. Namhurumia, amepoteza kazi. Lakini dawa za presha nanunua kwa ile kodi. Hiyo haki yenu inakuja kulipiwa na mimi?

Mleta uzi

Shikamoo mama. Hapana. Na sheria ikiandikwa ikakulipisha wewe, imeandikwa vibaya na mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Mdaiwa wa haki hii ni serikali. Kuna kesi inayolieleza hili vizuri, ya Johannesburg, iliyoamuliwa 2011. Kampuni ilinunua jengo lililokuwa na watu 86 maskini, ikataka watoke. Mahakama ya Katiba ilisema mwenye mali hawezi kulazimishwa kuwapa watu makazi bure bila kikomo, ingawa anaweza kutakiwa kuwa na subira kidogo. Watu wakapewa tarehe ya kutoka, na jiji likaamriwa liwapatie makazi ya muda wiki mbili kabla ya tarehe hiyo. Jiji lilikuwa limejitetea kwamba bajeti haipo kwa wanaoondolewa na watu binafsi. Mahakama ikajibu kwamba lilipaswa kuipangia bajeti.

Kwa hali yako ilivyo leo, mama, wewe ndiye ofisi ya ustawi wa jamii ya huyo mpangaji, na hakuna aliyekuuliza. Unabeba miezi mitano ya mtu aliyepoteza kazi kwa sababu hakuna mwingine wa kuibeba. Pangekuwa na haki yenye mfuko, siku alipokosa kodi ya mwezi wa pili angekwenda kwenye ofisi hiyo, nayo ingekulipa wewe wakati anatafuta kazi, au ingemtafutia pengine. Kumlipia mtu miezi miwili akabaki ni rahisi kuliko kumtafutia pa kuanzia upya akiwa na watoto na magodoro nje.

Mdau wa Uchumi

Hapo nimekuelewa zaidi, mkuu. Kumbe kwako ni kama bima, ila kwa sharti la ujenzi kuendelea. Sasa niambie: ukipewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja tu, unaanza na kipi?

Mleta uzi

Nisingeanza na katiba. Ningeanza na fomu.

Ile fomu ya maombi ya kumtoa mtu kwenye nyumba ina sehemu ya jina, anwani, deni na tarehe ya notisi. Ningeongeza mstari mmoja: "Wakaaji watalala wapi baada ya amri hii, na ni ofisi gani imethibitisha?" Hakimu asiruhusiwe kutia sahihi mstari huo ukiwa wazi. Nakala iende halmashauri siku ile ile shauri linapofunguliwa, si siku ya kubomoa. Halmashauri isipojibu, kodi ya kila mwezi unaoongezeka ilipwe na halmashauri, kwa mwenye nyumba moja kwa moja.

Mstari huo ukijazwa kwa mwaka mmoja nchi nzima, Fundi atajua ajenge ngapi na wapi, na Mdau atakuwa na takwimu za kubishania.

Mama Mwenye Nyumba

Mstari huo naukubali. Ila pembeni yake wekeni na siku za mwisho za hiyo ofisi kujibu, ziandikwe kwa tarakimu. "Haraka iwezekanavyo" nimeshaandikiwa sana.

Mleta uzi

Siku 30, mama.